Ukurasa Mmoja Ukutani: Projekta Katika Madarasa ya Kisomo ya Usiku

(Hotuba kwa wawezeshaji na waratibu wa elimu ya watu wazima)

Ndugu wawezeshaji, ndugu waratibu, nanyi wanakisomo mliokubali kuacha shughuli zenu mje mkae nasi: mlionizidi umri, shikamooni. Wengine, habari za kazi.

Nimeombwa nizungumzie projekta, na nitaizungumzia. Ila niseme mapema, msije mkadhani nimekuja kuiuza. Ninavyoona mimi, mashine hii inafaa sana darasa la usiku pale inapobeba ukurasa mmoja uliotulia, ukakaa ukutani ukimsubiri msomaji. Ikianza kukimbia, ikageuka sinema, watu watacheka, watahudhuria kwa wingi, na mwisho wa msimu watabaki hawajui kusoma vilevile. Kwa hiyo yote nitakayosema yanahusu utulivu huo: unapatikanaje, unagharimu nini, na unavurugwa na nani.

Kwanza, kwa nini usiku? Kwa sababu mchana si wetu. Mtu mzima wa kijijini hana kengele ya shule. Ana shamba, ana mifugo, ana maji ya kuteka na mtoto mgongoni. Muda anaoweza kuutoa ni ule unaobaki wengine wakishakula, na muda huo una giza. Duniani leo watu wazima zaidi ya milioni 700 hawajui kusoma na kuandika. Karibu theluthi mbili yao ni wanawake, na uwiano huo haujabadilika kwa miongo kadhaa. Hilo peke yake linatueleza kwa nini ratiba ya saa nane mchana haijawahi kuwafaa. Anayepanga darasa la watu wazima bila kuwauliza wanawake ni saa ngapi mikono yao inakuwa mitupu, basi amelipanga kwa ajili ya orodha ya mahudhurio tu.

Sasa tuliangalie darasa lenyewe, kama wengi wenu mnavyolijua. Chumba kimoja, kibatari kimoja au viwili, vitabu vichache vinavyogawanwa watu watatu kwa kitabu. Mshumaa mmoja hutoa mwanga wa lumeni 12 hivi (lumeni ni kipimo cha mwanga), na kibatari hakiupiti kwa mengi. Watu ishirini wakae kuuzunguka mwanga huo, nani ataona herufi? Ataona aliye karibu. Wa nyuma watasikiliza, watakariri, watarudia baada ya mwalimu kwa sauti nzuri kabisa, na mwalimu ataamini wanasoma.

Kisha kuna macho. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana jambo hili husahaulika karibu kila ninapokaa na wapangaji wa miradi. Mtu akifika miaka 40 hivi, lenzi ya jicho lake huanza kukakamaa. Haoni vizuri kitu kilicho karibu, hata kama mbali anaona sawasawa. Ndiyo maana mnamwona mzee akiinyoosha mikono na karatasi, kana kwamba karatasi inanuka. Mwanga ukiwa hafifu, hali huzidi: mboni ya jicho hutanuka ili iokote mwanga, na ikitanuka hivyo, picha ya karibu hupoteza ukali wake zaidi. Kwa hiyo tunamchukua mama wa miaka hamsini, tunampa kitabu chenye herufi ndogo, tunamwashia kibatari, kisha tunaandika kwenye daftari la maendeleo: hashiki. Anashika vizuri sana. Haoni.

Projekta inauhamisha ukurasa kutoka magotini, mahali ambapo jicho lake limeshachoka, na kuupeleka mita tano mbele yake, mahali ambapo jicho lilelile bado linafanya kazi. Sijui chombo kingine cha darasani kinachofanya hivyo kwa watu thelathini kwa wakati mmoja. Na inafanya hivyo kwa kutumia giza lilelile lililokuwa likitusumbua. Mchana projekta ndogo ya bei nafuu huonekana kama doa la maziwa ukutani. Usiku ukurasa unatoka mweupe na herufi zinasimama.

Kuna faida nyingine ambayo haimo katika maandiko ya miradi, nayo ni aibu. Mtu mzima anayejifunza kusoma amebeba aibu ya miaka mingi. Kumwita mbele ya ubao, mbele ya shemeji yake na jirani aliyemkopesha, ni adhabu. Katika chumba chenye giza watu wote wanatazama ukuta, hakuna anayemtazama mwenzake. Anayekosea anakosea gizani. Lakini giza hilo linamfunika pia aliyepotea njia, mwezeshaji asimwone. Nitarudi kwenye hilo nitakapofika kwenye taa.

Wazo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikundi cha wabunifu cha Marekani kiitwacho Design that Matters, kilichotokana na watu wa chuo cha MIT, kilitengeneza projekta kwa ajili ya madarasa ya usiku vijijini Mali. Waliipa jina Kinkajou, mnyama mdogo wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini anayehangaika usiku na kulala mchana. Ndani yake hamkuwa na kompyuta. Kurasa zilipigwa picha zikapunguzwa kwenye filamu ndogo, ya namna ile inayotumika maktabani kuhifadhia magazeti ya zamani, na kaseti moja iliweza kubeba hadi kurasa 10,000. Mwanga ulitoka kwenye taa ya LED, umeme ukatoka kwenye betri iliyochajiwa na jua. Walishirikiana na shirika la World Education, wakaijaribu katika vijiji 45 hivi.

Fikirini juu ya kurasa 10,000. Kijiji ambacho hakikuwa na rafu ya vitabu kikapata maktaba inayoingia mfukoni, na hakuna ukurasa unaoliwa na mchwa wala kuchanika pembe. Lakini kinachonivutia zaidi ni kile ambacho mashine ile haikuweza kufanya. Haikuweza kucheza video. Ukitaka usitake, ilionyesha ukurasa mmoja, na ukurasa ukakaa hapo mpaka mtu ausogeze. Projekta za leo ni bora kwa kila kipimo, zinachomekwa simu, zina spika ndani, na kwa sababu hiyohiyo zinamshawishi mwezeshaji aliyechoka abonyeze kitufe na kukaa kitini.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazili, Paulo Freire, mwalimu wa Kibrazili, na vijana wa chuo kikuu waliendesha madarasa kwa watu wapatao 300, kwa muda wa saa 40 za masomo. Picha zilirushwa ukutani kwa slaidi. Freire mwenyewe katika maandishi yake anazitaja projekta ndogo za bei nafuu zilizotengenezwa Poland. Picha moja ilikaa ukutani, tuseme watu wanaojenga nyumba, na watu wakazungumza juu yake: nani anajenga, nani ataikaa, kwa nini anayejenga hana nyumba. Maneno yakishachemka ndipo neno moja likatokea ukutani, na neno mashuhuri katika mbinu ya Freire ni tijolo, yaani tofali. Neno likakatwa silabi zake, kila silabi ikaleta ndugu zake: ta, te, ti, to, tu, ja, je, ji, jo, ju, la, le, li, lo, lu. Kisha watu wakaambiwa: haya, tengenezeni maneno yenu. Mwaka uliofuata jeshi likaipindua serikali, mradi ukafutwa, Freire akafungwa na baadaye akaenda uhamishoni. Kumbe tofali moja ukutani lilikuwa linawatia watu hofu.

Kiswahili chetu ni lugha ya silabi, mbinu ile inaingia kama ilitengenezwa kwa ajili yetu. Chukueni neno maji. Weka picha ya kisima ukutani, acha watu waongee, na mtaona hakuna kijiji kisicho na maneno juu ya kisima. Kisha leta neno peke yake, kubwa. Kisha familia mbili: ma, me, mi, mo, mu, ja, je, ji, jo, ju. Hapo usiseme lolote. Kaa. Acha ukurasa usubiri. Atatokea mmoja ataona mama. Mwingine mimi. Mwingine moja. Halafu bila shaka atatokea mchekeshaji wa darasa atakayetamka jimama, watu watacheka, na wale waliokuwa hawajaelewa jinsi silabi zinavyoungana watakuwa wameelewa kutokana na kicheko hicho. Neno lenyewe liandikeni, ni Kiswahili safi.

Mnaona ukurasa huo umekaa ukutani kwa muda gani? Unaweza kufika nusu saa. Mtu aliyezoea televisheni atasema mashine imekwama.

Hapa ndipo nilipo na ugomvi na video, na ugomvi wenyewe una sababu zake. Anayeanza kusoma anatumia nguvu nyingi kwenye kila herufi. Anaitambua, anaiunga na jirani yake, anatamka, anasita, anarudi. Kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu hushika vitu vichache tu kwa sekunde chache. Ikiwa neno moja linamchukua sekunde tano, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Hilo linamtokea kila mtu, awe mtoto au profesa anayejifunza mwandiko wa Kichina. Dawa yake ni kurudia maneno yaleyale hadi jicho liyatambue bila kuuliza, na ukurasa uliotulia unamruhusu arudi mara kumi. Video haimsubiri. Inamwonyesha neno, inalitamka kwa niaba yake, inaendelea. Amesikia, hakusoma. Na kwa kuwa amesikia, anatoka darasani akiwa na furaha, na sisi tunahesabu furaha hiyo kama mafanikio.

Wapo watakaonijibu kwa Kuba, na wana haki. Mpango wa kisomo wa Kikuba uitwao Yo sí puedo, yaani Ndiyo naweza, ulioandaliwa na Leonela Relys, umejengwa juu ya masomo 65 ya video, umetumika Venezuela, Bolivia na nchi nyingine nyingi, na mwaka 2006 ulipewa tuzo ya UNESCO ya King Sejong. Sibishi. Lakini tazameni jinsi unavyoendeshwa: yuko mwezeshaji anayekaa na watu wake, kuna kitabu cha mazoezi mkononi mwa kila mmoja, na kila herufi imefungwa na namba ambayo mtu tayari anaijua kutokana na pesa na hesabu za kila siku. Video pale ni mwalimu mgeni aliyealikwa, mwenyeji bado yupo. Mkiwa na mwenyeji wa namna hiyo na vitabu vya kutosha, chezeni video zenu kwa roho safi. Ninachokikataa ni video inayochukua nafasi ya vyote viwili.

Na kwetu Afrika Mashariki skrini vijijini ina historia yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu za mafunzo, wakazizungusha vijijini kwa gari, picha kwenye kitambaa na maelezo kwenye santuri. Watu walikuja kwa mamia. Walionyeshwa jinsi ya kulima, jinsi ya kutunza afya, jinsi ya kuweka akiba. Walitazama na kusikiliza, na hakuna herufi waliyoondoka nayo. Gari liliondoka na kila kitu kilichokuja nalo. Mwezeshaji anayewasha mashine, akaonyesha, akazima, akafunga sanduku, anaendesha gari lile bila kujua.

Basi, tuje kwenye kazi yenyewe.

Taa. Kila anayeleta projekta darasani kwa mara ya kwanza anazima taa zote ili picha itoke vizuri, na picha inatoka vizuri kweli. Kisha anasema: sasa andikeni. Andikeni wapi? Daftari liko gizani! Nimeona watu wakiandika kwa kupapasa. Darasa la projekta linahitaji mwanga wa aina mbili: ule wa ukutani, na mwingine mdogo unaoangalia chini, juu ya madaftari, uliozibwa upande wa mbele usiufikie ukuta. Taa ndogo za sola zenye kofia ya karatasi ngumu zinatosha. Taa hizo ndizo zitakazokuonyesha pia uso wa yule aliyepotea njia, niliyemtaja. Na kurasa zenu ziwe na herufi nyeusi juu ya weupe. Wapo wanaopenda herufi nyeupe juu ya weusi, wanaona zinang'aa. Zinang'aa, lakini chumba kinabaki pango. Ukurasa mweupe hurudisha mwanga kwa watu, ukawa nusu ya taa mnayoihitaji.

Ukubwa wa picha. Kuna tamaa ya kuijaza picha ukuta mzima. Hesabuni kwanza. Projekta ndogo ikitoa lumeni 150 za kweli, na mkaielekeza kwenye eneo la mita moja na nusu kwa mita moja, kila mita ya mraba inapata lumeni 100. Hapo herufi zinasomeka bila jasho. Mkisogeza mashine nyuma hadi picha iwe mita tatu kwa mbili, upana umekua mara mbili lakini mwanga kwa kila mita ya mraba umepungua mara nne, mmebaki na 25. Mmepata picha kubwa iliyofifia. Na lumeni zilizoandikwa kwenye boksi la projekta za bei rahisi, naomba tusizijadili mbele ya watu. Ijaribuni mashine gizani kabla ya kutoa pesa.

Kimo cha herufi: kwa aliyekaa mita 6 kutoka ukutani, herufi yenye kimo cha sentimita 5 ni ukubwa wa kama ule mstari wa 6/36 kwenye chati ya kupimia macho. Mtu ambaye macho yake yamepungua kiasi bado ataisoma bila kukunja uso. Ikiwa ndogo zaidi, mnawarudisha wazee kule kule kwenye kibatari. Maana yake ni kwamba ukurasa unabeba maneno machache, pengine mistari minne au mitano. Vizuri. Mistari mitano inatosha usiku mmoja.

Umeme. Projekta ya LED inayokula wati 50, kwa saa mbili, inahitaji saa-wati 100. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 20 ina saa-wati 240 kwa maandishi. Lakini betri ya risasi na asidi haipendi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo tuseme una 120. Inatosha usiku mmoja, na kesho lazima ichajiwe. Paneli ya wati 50 kwenye jua zuri la saa tano itaijaza, hata tukiondoa kinachopotea njiani. Siku za mawingu haitajaza. Panga darasa siku tatu kwa wiki badala ya tano, na betri itakuwa na siku ya kupumua. Wanakisomo nao watakuwa na siku ya kupumua, jambo ambalo lilitakiwa kufikiriwa kabla ya betri.

Betri hiyo, mtaambiwa, ichaji na simu. Kijiji kizima kitaleta simu. Mwamue mapema na kwa mkutano: ama simu haziruhusiwi, ama zinaruhusiwa mchana kwa malipo yanayoingia mfuko wa darasa. Jambo hili likiachwa lijiamulie lenyewe, projekta itakufa saa mbili na robo usiku, watu wakiwa katikati ya neno.

Wadudu watakuja, hasa mvua zikianza. Wekeni taa nyingine nje, mbali na mlango, iwavute huko. Vumbi nalo: mashine ilale kwenye mfuko wake, isilale juu ya gunia la unga. Ninapita haraka hapa kwa sababu mnayajua kuliko mimi.

Mahali pa kuweka mashine ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Ikiwekwa mezani katikati ya watu, kila anayesimama anakuwa kivuli ukutani, na kwa hiyo hakuna anayethubutu kusimama. Darasa linageuka ukumbi wa sinema kwa sababu ya meza tu. Iningʼinizeni juu, kwenye boriti, ikiinama kidogo. Sasa mtu anaweza kwenda ukutani, akaweka kidole chake juu ya silabi, akaifunika kwa kiganja, akauliza: nikiiondoa hii, inabaki nini? Mwezeshaji anaweza kusimama pembeni, akapitisha kijiti kirefu karibu na ukuta, kivuli chake kikaonyesha neno ukutani kama mshale. Ni kifaa cha bure, na hakihitaji betri.

Na kuna matumizi moja ninayotamani kila kituo kiyaanze wiki hii. Chukueni karatasi ya manila, au kitambaa cheupe cha pamba, kibandikeni ukutani, rusheni ukurasa juu yake, kisha wanakisomo wenyewe wapite juu ya herufi kwa kalamu nene. Mkizima mashine, ukurasa umebaki. Kesho betri ikifa, ukurasa upo. Msimu wa mvua paneli isipochaji wiki nzima, ukurasa upo. Mashine moja ikizunguka vituo vitano inaacha kila mahali chati ambazo hakuna mchapishaji angewachapia, zenye maneno ya mahali penyewe, zilizoandikwa kwa mikono ya watu ambao juzi walikuwa wanatia kidole gumba. Mkono uliofuata umbo la herufi kubwa namna ile, kwa bega zima, unalikumbuka. Daftari litafuata kwa wepesi.

Nini kirushwe? Kila kitu kinachomhusu mtu, isipokuwa siri yake. Kadi ya kliniki, risiti ya mzani, maelekezo ya dawa ya kunyunyizia mazao, fomu ya kupigia kura, ujumbe wa simu unaodai umeshinda zawadi. Huo wa mwisho urusheni mara kwa mara, tafadhali, na usomeni pamoja neno kwa neno mpaka wizi uliomo uonekane. Lakini mkataba wa mkopo wa mtu, au cheti chake cha hospitali, usiende ukutani wenye jina lake hata kama amekubali. Gizani mtu hukubali mengi. Tengenezeni mfano wenye jina la kubuni.

Bora kuliko vyote hivyo ni maneno yao wenyewe. Mmoja anasimulia jambo, sentensi tatu, mwezeshaji anaziandika kama zilivyotamkwa, bila kuzisafisha, anazipiga picha kwa simu, na usiku huohuo ziko ukutani. Anayesoma sentensi aliyoitamka mwenyewe tayari anajua inakoelekea. Kumbukumbu haimwishii njiani. Wabunifu wa Kinkajou walihitaji maabara ya filamu ili kuingiza ukurasa mpya. Sisi tunahitaji simu tu, na bado nakuta vituo vinaonyesha faili zilezile zilizokuja na mashine.

Sasa, kuuacha ukuta. Mwezeshaji asipopanga siku ya kuuacha, mwanakisomo atakuwa msomaji wa ukutani: anasoma herufi za sentimita tano akiwa na wenzake thelathini, akipewa karatasi peke yake anaganda. Kila wiki mbili punguzeni ukubwa kidogo. Ukurasa uliosomwa ukutani leo, kesho usomwe kwenye karatasi, chini ya taa ndogo, mmoja mmoja. Na hapo ndipo miwani inapodai haki yake. Miwani ya kusomea ya namba 1.5 au 2 ni kitu kidogo, lakini bila miwani hiyo yule mama wa miaka hamsini atasoma vizuri ukutani maisha yake yote, na barua ya mwanawe ataendelea kusomewa.

Nisiwaache bila kuwakumbusha kwamba kazi hii imewahi kufanyika kwa ukubwa wa ajabu bila projekta. Tanzania mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67. Mwaka 1970 ukatangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ilipofika 1975 walikuwa asilimia 39, na mwaka 1986 chini kidogo ya 10. Vilikuwepo vitabu vilivyoandikwa kwa kufuata kazi za watu, redio, magazeti ya vijijini, na jeshi la walimu wa kujitolea. Kisha madarasa yakafifia, vya kusoma vikaadimika, na sensa ya 2012 ikakuta tena asilimia 22 hivi. Aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma, akasahau. Kwa hiyo mtu akija na projekta moja na hana mpango wa nini kitasomwa mwaka wa tatu, mwulizeni hilo kabla hajafungua sanduku.

Nimeulizwa pale mlangoni: tukiwa na pesa kidogo, tuanze na nini? Nijibu hapa, wote msikie. Anzeni na posho ya mwezeshaji, kwa sababu asipolipwa haji, na mashine haijiwashi. Pili miwani. Tatu taa za juu ya madaftari. Nne karatasi za manila na kalamu nene. Projekta ni ya tano, na ikiwezekana iwe moja kwa vituo vitatu au vinne, izunguke. Najua mfadhili anapenda kupigwa picha na projekta. Mwacheni apigwe, kisha mwonyesheni orodha.

Mashine iko mezani, betri imejaa, na manila tunayo. Tupumzike dakika kumi, tukirudi tuingie chumba cha nyuma tuiningʼinize. Yeyote mwenye ukurasa aliokuja nao wa darasa lake autoe sasa tuupige picha. Aliye na swali na aanze, yule ndugu wa nyuma ameinua mkono zamani.